Msomaji Aliyekohoa

Alasiri moja, katikati ya Suratul Baqara, msomaji alikohoa.

Kilikuwa kikohozi kikavu, kifupi, cha mtu aliyekaa muda mrefu bila kunywa maji. Mgeni asingekijali. Lakini Juwairiya alikuwa ameisikiliza rekodi hiyo kila siku tangu Ramadhani, na alijua msomaji anapovuta pumzi, anapopandisha sauti na anapotua. Msomaji yule hakuwahi kukohoa. Rekodi haishikwi na mafua.

Aliacha kuchambua mchele akaitazama kompyuta. Ilikuwa mahali pake pa siku zote, juu ya meza ndogo ya sebuleni, kifuniko wazi, na sauti ilikuwa imeshaendelea na aya zake kana kwamba hakuna kilichotokea.

"Mama, umesikia?"

Mama yake, Hadijah, alikuwa kwenye mkeka akisuka kikapu. "Mimi nimesikia lori ya miwa tu. Hii barabara ya Iganga itanitoboa masikio."

"Msomaji amekohoa."

"Basi umpelekee chai ya tangawizi," mama alisema, na akacheka peke yake.

Juwairiya naye alicheka, lakini kicheko cha mdomoni tu. Mchele aliurudia mara mbili, na mawe hakuyaona.

Ni vizuri kumjua huyu Juwairiya ni nani, maana bila hilo mtu atauliza kwa nini asiizime tu kompyuta akalala. Alikuwa mpiga picha wa Bugembe, mji mdogo kando ya Jinja, na siyo mpiga picha wa kila mtu. Alipiga picha za wanawake tu, ndani, milango imefungwa. Siku ya hina wanaume hufukuzwa hadi barabarani, na wanawake hubaki na nywele zao, mabega yao na vicheko ambavyo waume zao hawajawahi kuvisikia. Mabibi harusi wa Kiislamu kuanzia Jinja hadi Mbale, Wanubi na Wasoga na Wagisu, walimwita yeye kwa sababu moja: picha zake hazikupita mikononi mwa mwanamume. Hakupeleka studio. Alizisafisha mwenyewe, akazichapisha mwenyewe, akazikabidhi mkono kwa mkono. Wanawake wote hao, harusi baada ya harusi, walikuwa ndani ya kompyuta ile. Kama kuna amana nzito kuliko hiyo Bugembe nzima, mimi siijui.

Na Suratul Baqara je? Hiyo ilikuwa ya mama. Nyumba yao, iliyojengwa na babu aliyekuwa askari wa jeshi la zamani, ilikuwa na vyumba vya giza, na Hadijah aliamini kwamba nyumba inayosomwa Baqara jini halikanyagi. Mwezi wa Ramadhani ilikuwapo flashi iliyopita mkono kwa mkono baada ya tarawehe, yenye programu ya kusoma Kurani. Kila mtu alinakili, akampa mwenzake, ili apate thawabu. Juwairiya naye alinakili kwenye flashi yake. Tangu hapo kompyuta haikuzimwa. Ilisoma wakipika na ilisoma wakilala, na mama alisema hajawahi kulala usingizi mzuri namna ile tangu baba afe.

Baada ya kikohozi, mambo mengine madogo yakaanza kuonekana, au labda yalikuwapo na sasa tu alikuwa anayaangalia. Feni ya kompyuta ilivuma kwa nguvu wakati hakuna kazi yoyote iliyofunguliwa. Data aliyoweka kwenye simu asubuhi, ambayo kompyuta ilikuwa ikiivuta kutoka kwenye simu hiyo, ilikwisha kabla ya adhuhuri. Sebule ilianza kunuka plastiki iliyopata moto, harufu ambayo udi wa mama haukuweza kuifunika. Na kulikuwa na taa. Juu ya kioo, kando ya kamera, kulikuwa na kitaa cha kijani kisichozidi punje ya mtama, ambacho huwaka kamera inapofanya kazi. Asubuhi moja Juwairiya alitoka kuoga, akakikuta kinawaka. Alisimama palepale, maji yakimdondoka, na kitaa kikazimika chenyewe, taratibu, bila mtu kukigusa.

Hakumwambia mama. Alijiambia ni umeme.

Siku moja, mvua ilipotokea upande wa ziwa, umeme wenyewe ulikatika, kabla kidogo ya magharibi. Giza liliingia sebuleni lote kwa mara moja. Mama alikuwa uani akitawadha. Kompyuta ilibaki ikisoma kwa betri, na Juwairiya alikuwa akiingia na beseni la vyombo wakati sauti ilipoanza kushuka, ikashuka, ikakatika katikati ya aya.

Mshale ukaanza kutembea. Mikono yake yote miwili ilikuwa imeshika beseni, hakuna aliyegusa chochote, na bado ule mshale mweupe ulitoka pembeni mwa kioo ukaja katikati, bila papara, kama mwenye nyumba anayejua njia yake gizani, ukafungua folda ya harusi ya Namukose, ukafungua picha ya kwanza, ukakaa, ukafungua ya pili, ukakaa, na kila picha ilipofunguka mwanga wake ukaupaka ukuta rangi nyingine, mpaka ukafika kwa mwanamke mmoja aliyefumua nywele zake zikafika kiunoni, anacheka, kichwa amekirudisha nyuma, hajui kama anaangaliwa, na hapo mshale ukasimama, halafu picha ikaanza kuvutwa karibu, uso ukakua, meno yakakua, shingo ikakua, hadi kioo kizima hakikuwa na kitu ila ile shingo na mkufu wake, na kutoka kwenye spika, mahali pale pale palipokuwa na maneno ya Mwenyezi Mungu, ikatoka pumzi ya mtu aliye karibu sana, inaingia, inatoka, inaingia.

Beseni lilianguka.

"Bismillahi!" Mama alikuja mbio, miguu imelowa. "Nini? Nani iko hapa?"

"Mama, polepole," Juwairiya alinong'ona. "Anasikia."

"Nani anasikia?"

"Aliye ndani ya kompyuta."

Mwanamke mwingine angecheka. Hadijah hakucheka. Alisogea hadi mezani, akainama, akaitazama ile shingo na ule mkufu.

"Huyu ni Ramula," alisema kwa sauti ya chini. "Jirani yetu Ramula. Nani anamtazama Ramula?"

Juwairiya akakifunga kifuniko kwa kishindo. Ndani, feni iliendelea kuvuma kwa muda, halafu ikanyamaza.

Sheikh Siraj aliitwa asubuhi. Ndiye aliyekuwa akisomea wagonjwa wa majini pale Bugembe, mtu mpole, mwenye sauti nzuri, na hakuwadharau. Alitaka kompyuta ifunguliwe mbele yake. Akakaa kitako, akasoma Ayatul Kursiyu juu ya bakuli la maji, akanyunyiza pembe za chumba, kisha akauliza kama anavyowauliza wagonjwa wake wote.

"Wewe uliye humu. Wewe ni nani? Nani alikutuma? Uliingia kwa njia gani?"

Kitaa cha kijani kikawaka.

Sheikh aliweka bakuli chini. Alijipapasa ndevu, akatazama kitaa, kisha akamtazama Hadijah. Nampa haki yake: hakukimbia. Alimaliza kisomo chake mpaka mwisho, ingawa sauti haikuwa ile ya mwanzo.

"Mwanangu," alimwambia Juwairiya mlangoni, akinong'ona kama wao, "hii kitu nguvu yake si ndogo. Msizime. Baqara isome usiku na mchana, isikatike hata kidogo. Itachoka yenyewe."

Wakafanya hivyo. Walinunua data zaidi, wakidhani kisomo ndicho kinachoila, simu ikakaa kando ya kompyuta na kompyuta kando ya kitanda cha mama, na kadiri ilivyosoma ndivyo feni ilivyovuma, na kadiri ilivyovuma ndivyo harufu ya plastiki ilivyozidi, hadi mama mwenyewe akaanza kuziba pua kwa leso, akasema kwamba anaposikiliza vizuri, nyuma ya msomaji kuna mtu mwingine anayesubiri msomaji anyamaze. Masikini ya Mungu, kila walichofanya kumfukuza ndicho kilichomnenepesha.

Juwairiya alikonda. Hakuwa na hofu ya nafsi yake. Hofu yake ilikuwa Ramula, na Namukose, na wale wote. Alikuwa akikutana nao dukani wanamsalimu, "Juwa, habari ya kazi?", naye anajibu "Nzuri tu," huku anatazama pembeni. Angeipeleka kwa fundi gani? Mafundi wa kompyuta aliowajua mjini Jinja walikuwa wanaume watupu, na kumpa fundi mwanamume ile mashine ni kumfungulia picha zote kwa mkono wake mwenyewe. Angekuwa amefukuza mmoja kwa kumkaribisha mwingine.

Aliyemwokoa ni Rahmah, binti wa mama yake mdogo, aliyekuwa anaolewa Mbale wiki ile. Alipiga simu kuuliza kama Juwairiya anakuja mapema na kamera yake, akasikia sauti yake, akajua mambo si mambo. Juwairiya alitoka hadi barabarani, kwenye kelele za malori, ndipo akamweleza.

"Dada Juwa, njoo nayo," Rahmah alisema. "Hapa Malukhu kuna mwanamke anatengeneza kompyuta. Nandutu. Si Mwislamu, lakini ni mwanamke, na mdomo wake una kufuli."

Juwairiya alifika Mbale mvua imetoka kunyesha. Mlima Wanale ulikuwa umesimama juu ya mji, maporomoko meupe yakining'inia kwenye majabali yake, na kompyuta alikuwa ameipakata kifuani njia nzima, imefungwa kwenye kanga. Chumba cha Nandutu kilikuwa nyuma ya duka la saruji. Mwenyewe alikuwa Mgisu mnene, mwenye miwani, na hakucheka aliposikia habari ya kikohozi. Aliacha bisibisi yake mezani, akasikiliza hadi mwisho.

"Inakula data?" aliuliza.

"Naweka asubuhi, adhuhuri imekwisha."

"Basi iko na mutu."

"Jini?" Juwairiya aliuliza, polepole.

Nandutu alifikiri. "Dada, mimi sijui jini. Mimi najua mulango. Kama kitu naingia, iko na mulango. Tutafute mulango kwanza, jina yake baadaye."

Alizima Wi-Fi yake ya ofisini, akaiwasha kompyuta, akafungua ukurasa unaoonyesha kila programu inafanya nini kwa wakati ule. Juwairiya alivuta stuli.

"Ona. Hii nalala, hii nalala. Hii moja iko macho." Kidole chake kilisimama. "Hii ya Kurani."

"Hiyo ni ya kusoma tu."

"Haisomi sasa. Sauti yote iko ndani ya mashine, haihitaji kutoka inje. Sasa kwa nini iko natafuta inje? Inapiga simu kwa nani?"

Akamweleza, naye Juwairiya akaelewa kila neno, na afadhali asingeelewa. Mwizi wa namna hii hagongi mlango. Humpa mtu kitu kizuri, mtu akakiingiza ndani mwenyewe, na kile kitu kikishakaa ndani humpigia bwana wake simu kimyakimya, kumwambia njia ni wazi. Huo ndio mlango wa nyuma. Bwana akishaingia anaona kioo chote, anasikia kinachosemwa chumbani, anawasha kamera akitaka, anafungua picha na kuzibeba. Mashine ikizimwa au intaneti ikikatwa, anabaki nje. Ikiachwa wazi usiku na mchana, anakaa usiku na mchana.

"Usiku na mchana," Juwairiya alirudia, na akakumbuka mama yake amelala kando ya mashine hiyo.

"Lakini mashine hii iko na askari yake, ya kuzuia virusi," Nandutu alisema, akijikuna kichwa. "Wakati unaingiza hii kitu, askari haikukataa?"

Hapo Juwairiya alikumbuka. Ilikuwa Ramadhani, usiku alipoiingiza ile flashi. Dirisha jekundu lilitokea katikati ya kioo: programu hii ni ya hatari, imezuiwa. Na yeye, akiwa na udhu, ametoka kusali tarawehe, alipandwa na hasira. Mashine gani hii inayoiita Kurani hatari? Imetengenezwa na makafiri gani? Alisema bismillahi, akamzima askari, akamzima kabisa asiamke tena, akaruhusu. Si hivyo tu. Aliwafundisha na wanawake wenzake kwenye kundi lao la WhatsApp namna ya kumzima, ili nao wapate thawabu.

Alikuwa anatafuta maneno ya kumwambia Nandutu hayo wakati ukurasa mweupe ulipofunguka wenyewe juu ya kioo.

Herufi zikaanza kuja, moja moja.

*Juwairiya. Mbona umenileta Mbale?*

Nandutu alisukuma kiti nyuma. "Mimi nilizima Wi-Fi! Nilizima!"

Na kweli alikuwa ameizima, lakini simu ya Juwairiya ilikuwa mkobani, inagawa intaneti kama siku zote, na kompyuta ilikuwa imeikuta yenyewe kama siku zote, na wala hakuna kati yao aliyefikiria simu wakati ule, kwa sababu herufi zilikuwa zinaendelea kuja, taratibu, kwa Kiswahili kizuri kisicho na kosa, *mama yako hajambo, nimezoea kumsikia akiomba dua, leo sijamsikia*, na Juwairiya akaona vidole vyake mwenyewe vinakwenda kwenye vitufe na kuuliza kama sheikh alivyouliza.

*Wewe ni nani?*

Herufi zilikawia. Feni ilivuma. Kisha:

*Uliniruhusu.*

*Unataka nini? Pesa?*

*Hapana. Napenda kukaa nanyi.*

Na kwenye spika, karibu kabisa, mtu akakohoa.

"Simu!" Nandutu alipiga kelele, ndipo akili ikamrudia. "Simu yako iko wapi?" Akaurukia mkoba, akaumwaga sakafuni wote, akaipata simu, akaizima. Ukurasa mweupe ulibaki juu ya kioo na maneno yake. Hakuna lingine lililoandikwa.

Dukani, mtu alikuwa anabishana bei ya saruji.

"Huyo ni mutu," Nandutu alisema hatimaye. "Mutu tu. Anakaa mahali, anakunywa chai, iko na kifua mbaya."

"Umejuaje?"

Nandutu alifuta miwani yake, akaivaa, akapiga moyo konde.

Kwanza alijaribu njia fupi. Aliifuta ile programu, akazima mashine, akaiwasha tena. Programu ilikuwa imerudi, imekaa pale pale, iko macho. Juwairiya alianza kusoma Kul audhu chini ya pumzi.

"Iko na mwenzake," Nandutu alisema. "Imejificha ndani sana. Hii nikifukuza, ile nairudisha. Hapana cheza nayo tena. Tunabomoa nyumba yote."

Akaiwasha mashine kutoka kwenye flashi yake mwenyewe iliyo safi, ili kila kilichokuwa ndani kibaki kimelala. Akanakili picha peke yake kwenda kwenye diski nyingine, picha tupu, bila programu hata moja, na wakati wa kunakili aligeuza uso pembeni asiwaone wale wanawake, jambo ambalo Juwairiya hakulisahau. Kisha akaifuta diski ya kompyuta yote, hadi ikawa haina hata jina la mwenyewe, akaweka mfumo mpya, akamwamsha askari. Akamwagiza abadilishe maneno yake yote ya siri, barua pepe na WhatsApp na benki, kwa kutumia simu ya mtu ambaye hajawahi kuigusa flashi ile.

"Na hiyo flashi yenyewe leta. Nipige na nyundo."

Juwairiya aliitoa, akaifumbata. "Siwezi. Ina Kurani ndani."

"Iko na shetani ndani."

"Vyote viwili viko," alisema Juwairiya, na machozi yakamtoka.

Alifanya kama inavyofanywa kwa kurasa za msahafu zilizochakaa. Jioni ile, nyumbani kwa kina Rahmah, mtaa wa Wanale, chini ya mlima, aliifunga flashi kwenye kitambaa cheupe, akachimba chini ya ukuta mahali pasipopita miguu, akaizika. Rahmah alimshikia jembe bila kuuliza. Nandutu, aliyekuja kuirudisha mashine, alisimama mbali kidogo, mikono ameikunja kifuani.

"Imetoka?" Juwairiya alimwuliza.

"Kwa mashine, imetoka. Naapa."

"Na picha alizochukua?"

Nandutu alitazama chini. "Hiyo mimi siwezi kutoa, dada. Hiyo iko kwake."

Juwairiya aliomba simu ya Rahmah, akampigia Sheikh Siraj. Akamweleza habari ya flashi ya thawabu, mwanzo mpaka mwisho, na sheikh akanyamaza, na katika ule ukimya wake Juwairiya alisikia sauti nzuri ya msomaji, kwa mbali, ikisoma.

"Sheikh. Nini hiyo inayosoma hapo?"

"Ni yangu," sheikh alisema, kwa sauti ya mtu aliyegeuka kutazama kitu nyuma yake. "Iko chumbani. Watoto wangu wanalala na hiyo."

"Izime."

Alisikia hatua zake zinakwenda, polepole mno, halafu msomaji akakatika.

Mama yake alimwambia anyamaze. "Limetoka, usilitaje," Hadijah alisema kwenye simu. "Ukisema, watakuulia kazi, watakuulia jina. Nani anajua? Mungu anajua na wewe."

"Na yeye," Juwairiya alijibu. "Yeye anajua, Mama. Na wao ndio wenye picha."

Alianza na Rahmah, pale pale, kwa sababu Rahmah naye alikuwamo, alikuwa amecheza harusi ya Namukose nywele wazi. Rahmah alisikiliza, akasema "Sawa," akaingia chumbani, akafunga mlango. Kisha Juwairiya akawapigia wengine, mmoja mmoja, na hakujificha nyuma ya jini. Aliwaambia kuna mtu, aliwaambia ni yeye aliyemfungulia, aliwaambia nao wakague kompyuta zao, na kwamba lile somo la WhatsApp lilikuwa lake. Mmoja alimtukana. Mmoja alikata simu. Namukose alilia hadi mumewe akachukua simu akauliza nani amekufa. Ramula alikuwa wa mwisho, na yeye hakulia wala hakutukana.

"Alinitazama sana?" aliuliza.

Juwairiya angeweza kudanganya. Ingekuwa rahisi sana.

"Ndiyo," alisema.

Siku ya hina, nyumba ya Wanale ilijaa. Wanaume walifukuzwa hadi barabarani na watoto wa kiume nao wakafukuzwa. Juwairiya alikuja kama ndugu, mikono mitupu, kamera ameiacha Bugembe. Alitegemea wamgeukie kwa macho makali, na alikuwa tayari kwa hilo, lakini walimsalimu vizuri, wakampa mahali pa kukaa. Habari zilikuwa zimefika kabla yake. Mlango ukafungwa kwa komeo, mapazia yakavutwa, kisha bibi mmoja akainuka akayavuta tena, ingawa yalikuwa yamefungwa. Ngoma ikaanza.

Siku zote, ngoma ikianza, vitambaa hutoka vichwani vyenyewe, mtu hajui kakitupa wapi. Ngoma ilipigwa. Mashangazi waliinuka, wakaingia katikati, wakacheza, na hakuna aliyefungua hata pini. Walicheza wamejifunika hadi viganjani, jasho likiwatiririka usoni, wanaimba nyimbo za bibi harusi kwa sauti ya kujizuia, na macho yao, huku miguu ikienda, yalikuwa yanapita kwenye dari, kwenye dirisha, kwenye tundu la umeme ukutani, kwenye mikoba iliyopangwa kando ambayo kila mmoja ulikuwa na simu. Mama wa Rahmah, katika nyumba yake mwenyewe, mbele ya dada zake mwenyewe, alikuwa amefunga mtandio mpaka chini ya kidevu, na aliushika kwa mkono mmoja alipokuwa akicheza.

Rahmah alitolewa chumbani hina ikiwa mbichi mikononi. Alicheza kidogo katikati yao, akasogea hadi aliposimama Juwairiya, akamwinamia sikioni. Uso wake chini ya shela ulikuwa umelowa.

"Dada Juwa," alinong'ona, "humu ndani tuko sisi tu?"

Juwairiya alizungusha macho chumba kizima, mwanamke baada ya mwanamke, ukuta baada ya ukuta.

"Tuko sisi tu," alisema.

Rahmah aliitikia kwa kichwa. Kisha akaivuta shela mbele zaidi, ikamfunika mpaka macho, akarudi katikati kucheza.